Jiwe likifika juu kabisa

MWULIZE MWALIMU: Fizikia ya mwaka wa kwanza

Matokeo ya sesioni ya kwanza yamebandikwa ukutani, na barua za mwezi huu karibu zote ni za fizikia. Nimechagua tano. Zile zilizouliza kama kuna njia ya kumfuata profesa nyumbani kwake ili "muelewane" nimezitupa, na walioziandika wanajijua. Kwa msomaji mpya: ninafundisha mekanika na maabara ya mwaka wa kwanza hapa Bukavu, ninasahihisha makaratasi kwa mkono wangu, na nina tabia ya kujibu hata swali ambalo mtu hakuuliza. Mnivumilie.

SWALI: Jambo Mama Mwalimu. Niko L1 (mwaka wa kwanza), sekondari nimetoka sehemu ya biyoshimi (biolojia na kemia). Mazoezi yote ya silabusi nimeyafanya, fomula zote ninaziandika bila kuangalia. Nimepata 7 juu ya 20. Swali lililoniua ni hili: jiwe linarushwa juu wima, likifika juu kabisa, mchapuko wake ni ngapi? Niliandika sifuri kwa sababu hapo jiwe limesimama. Asistanti akaweka msalaba mwekundu, hakuna maelezo. Nimekosea wapi? Na nijitayarishe namna gani tena, kama fomula ninazijua tayari? – F., Himbi, Goma

JIBU: Binti yangu, msalaba ni halali. Kuachiwa msalaba bila neno ndiyo shida, kwa hiyo tulifuate jibu lako mpaka mwisho tuone linatufikisha wapi.

Mchapuko, ile akselerasioni ya silabusi, unasema kasi inabadilika kiasi gani kila sekunde. Umesema pale juu kasi ya jiwe ni sifuri. Ni kweli, kwa kitambo kisichopimika. Kisha ukasema mchapuko nao ni sifuri, yaani kasi hiyo haibadiliki. Haya basi: kasi ni sifuri na haibadiliki. Jiwe litabaki limening'inia juu ya Himbi, na watu watapita chini yake wakienda sokoni Birere. Lakini wewe mwenyewe unajua linarudi. Kwa hiyo pale pale juu kuna kitu kinaendelea kuibadilisha kasi yake. Dunia haiachi kuvuta eti kwa kuwa jiwe limesita. Mchapuko ni 9,78 (mita kwa sekunde, kila sekunde) kuelekea chini jiwe linapopanda, linapokuwa juu kabisa, na linaposhuka. Kwa nini sikuandika 9,81 nitaeleza kwenye barua inayofuata.

Sasa angalia: hukukosa fomula hata moja. Ungepewa kasi ya kurushia, ungetoa urefu na sekunde bila shida. Ulichokosa ni kusimulia kinachotokea kabla ya kushika kalamu. Mtu asiyesimulia anatafuta fomula inayofanana na swali, na swali hilo halikuwa na fomula ya kufanana nayo.

Nikupe jingine la huko huko kwenu. Chukudu, ile skuta kubwa ya mbao, inashuka kutoka Kibumba na magunia ya makala (mkaa). Dereva na mzigo na mbao zake, tuseme kilo 200. Barabara imeinama digrii 5. Dereva amekanyaga mpira kwenye gurudumu la nyuma, na kasi imetulia kwenye mita 5 kwa sekunde, haizidi wala haipungui. Ile kani (forsi) inayoivuta chukudu kuteremka, je, ni kubwa kuliko kani zote zinazoizuia, ni sawa nazo, au ni ndogo? Jibu moyoni kwanza.

Ni sawa. Uzito unavuta kufuata mteremko kwa karibu niutoni 170, na msuguano wa mpira, ekseli na barabara unarudisha niutoni 170 zile zile. Kila mwaka sehemu kubwa ya oditwari (ukumbi wa masomo) yangu inapiga kelele kwamba inayovuta lazima iwe kubwa, la sivyo chukudu ingesimama. Hapana. Ingekuwa kubwa, chukudu ingezidi kushika kasi mpaka kwenye kona, na mwenye makala angelia. Aristotle naye aliamini kwamba mwendo unataka kusukumwa muda wote, na yeyote aliyewahi kusukuma mkokoteni kwenye matope ana sababu ya kumwamini. Ni Newton, mwaka 1687, aliyeandika waziwazi kwamba kani inatakiwa ili kubadilisha mwendo; kuuendeleza hakuhitaji kani. Wewe unatakiwa kulivunja katika muhula mmoja wazo lililoshikilia karne nyingi. Si ajabu kwamba limekataa kuvunjika.

Na hauko peke yako. Mwaka 1992, David Hestenes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichapisha mtihani mfupi wa kuchagua jibu usio na hesabu hata moja, wa maswali ya aina hii. Kabla ya hapo Eric Mazur wa Harvard aliwapa wanafunzi wake mtihani wa awali wa aina hiyo hiyo, vijana waliokuwa wanatatua mazoezi mazito, akakuta wengi wao wanajikwaa kwenye swali la lori linalogongana na gari dogo: ni lipi linamsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi. (Zote mbili zinasukumana sawa. Gari dogo linaharibika zaidi kwa sababu tungamo (masi) lake ni dogo, kasi yake inabadilika ghafla zaidi.) Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6000 waliofanya ule mtihani wa 1992 au mwingine unaofanana nao. Mahali ambapo mwalimu alikuwa anasema na darasa linaandika, wanafunzi walipata wastani wa karibu robo tu ya kile walichokuwa bado hawakijui mwanzoni. Mahali walipolazimishwa kubishana na kutabiri, walipata karibu nusu.

Mpaka sesioni ya pili usitafute mazoezi mapya. Chukua yale yale uliyoyamaliza. Funika namba. Andika kwa maneno yako, kwa Kiswahili kama ndicho kinachokuja haraka: ni kitu gani kimoja ninachokifuata, nani anakigusa, kasi yake inaongezeka, inapungua, au inageuka upande. Halafu chora mishale. Kwenye mekanika ya L1, Dunia peke yake ndiyo inayoruhusiwa kuvuta bila kugusa. Mwingine yeyote asiyegusana na kitu chako hana mshale. Mkono uliorusha jiwe hauna mshale tena tangu ulipoliachia, hata kama roho yako inakuambia kuna "nguvu ya kurushwa" imebaki ndani ya jiwe. Ukishachora, bashiri jibu litakuwa kubwa au dogo kiasi gani. Hapo ndipo ufungue daftari la fomula. Zoezi moja likikula nusu saa, ni sawa kabisa.

Kuhusu kutoka biyoshimi: waliotoka mat-fizik wanaandika sifuri ile ile, ila wao wanaiandika haraka zaidi.

SWALI: Mwalimu, kwenye maabara tulipima mvutano wa Dunia kwa pendulamu. Uzi mita 1, tukahesabu mizunguko 20, sekunde 40,4 kwa simu. Nikapata 9,68. Asistanti akasema jibu ni 9,81, akanikata pointi. Wenzangu waliorekebisha namba zao ili ifike 9,81 walipata 18 juu ya 20. Je, niwe mkweli au nipate pointi? – P., Kadutu, Bukavu

JIBU: Ah, P., umenikasirisha vizuri. Tuanze na wewe, kisha wao.

Simu inabonyezwa na kidole, na kidole kinachelewa. Kuanzisha na kusimamisha, tuseme sekunde 0,2 za mashaka. Kwenye sekunde 40,4 hiyo ni nusu asilimia. Kwa kuwa kwenye fomula muda unapigwa kipeo cha pili, shaka inakuwa asilimia 1 kwenye jibu, yaani karibu 0,1. Matokeo yako basi yasomeke hivi: 9,68, kuongeza au kupunguza 0,1. Kati ya 9,58 na 9,78. Kuandika 9,68 peke yake bila hiyo nyongeza ndilo kosa ambalo mimi ningekukatia pointi, si lile lingine.

Halafu nikuulize: uzi mita 1, ulipima kutoka wapi mpaka wapi? Nina hakika ulipima mpaka kwenye fundo. Urefu wa pendulamu unaishia katikati ya kitu kinachoning'inia. Kama mlitundika kigololi chenye nusu kipenyo cha sentimita 1, urefu wako wa kweli ni mita 1,01. Rudia hesabu. Unapata 9,77.

Na pembe? Fomula ya silabusi ni ya mabembeo madogo. Ukivuta uzi mpaka digrii 20 ili darasa lote lione, pendulamu inachelewa kidogo kila bembeo, na mahali pa 9,78 utapata kama 9,63. Kwa digrii 5 upotevu haufiki 0,01. Mlivuta kiasi gani? Hakuna anayeandika jambo hilo kwenye ripoti, na mimi nalitafuta kwanza.

Sasa 9,81. Namba hiyo ni ya Paris na Brussels, walikoandikiwa vitabu ambavyo silabusi zetu zimenakili. Ile rasmi kabisa, 9,80665, iliwekwa na mkutano wa kimataifa wa vipimo mwaka 1901 ili watu wawe na namba moja ya kukubaliana. Haikuwekwa ili Bukavu iitii. Sisi tuko karibu na ikweta, digrii mbili na nusu tu kusini yake. Huku Dunia imevimba: nusu kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi kile cha kwenye ncha kwa karibu kilomita 21, kwa hiyo tuko mbali zaidi na kitovu. Na Dunia ikizunguka, huku ndiko tunakokwenda kasi zaidi, jambo linalopunguza tena. Urefu wa milima yetu unaondoa kidogo sana, chini ya 0,005 kwa mita 1500. Ukijumlisha yote, Bukavu ni karibu 9,78. Goma vilevile. Lubumbashi vilevile.

Hili si jipya. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, digrii 5 tu kaskazini ya ikweta, akiwa na saa ya pendulamu iliyokuwa sahihi Paris. Kule ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kila siku, akalazimika kufupisha pendulamu yake. Kulikuwa na watu Paris waliofikiri amepima vibaya. Newton hakufikiri hivyo. Aliitumia habari hiyo kuonyesha kwamba Dunia si duara kamili. Kwa hiyo kuna mtu aliyesimama mahali kama pako akapata namba isiyokuwa ya Paris, na ripoti yake bado inasomwa.

Wenzako wa 18 juu ya 20: kwa uzi, kidole na mabembeo 20, hakuna binadamu anayeweza kutofautisha 9,78 na 9,81. Tofauti ya muda ni sekunde 0,06 tu. Kikundi kizima kikitoa 9,81 kamili, mimi ninawaita wapime tena mbele yangu. Kama unataka kweli kuona tofauti hiyo, hesabu mabembeo 100. Hapo tofauti inafika sekunde 0,3, inaanza kuzidi uzembe wa kidole. Lakini urefu nao uwe umepimwa kwa milimita, na pembe isizidi digrii 5.

Rudi kwa asistanti wako kwa heshima, na karatasi ya hesabu ya mashaka mkononi, umwombe dakika tano. Usianze na neno "umenionea". Anza na swali la wapi 9,81 imepimwa. Wengi wetu tulifundishwa namba hiyo na mtu ambaye naye hakuwahi kuulizwa.

SWALI: Mama Mwalimu, jambo. Mimi ni papa wa watoto wanne hapa Lubumbashi. Mkubwa anasomea udaktari, ninalipa kwa shida. Sasa ameanguka fizikia, anarudia sesioni ya pili. Ninauliza kwa nia njema: mganga anahitaji fizikia ya nini? Si wamfundishe mwili wa mtu, wamwache? – Papa wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi

JIBU: Papa, swali lako nimelisikia pia kwa wanafunzi wenyewe, tena wakiwa na mdomo mrefu zaidi. Kuna kozi za fizikia kwa madaktari ambazo ni nakala ya kozi ya wahandisi wa madini, pamoja na roketi na satelaiti zake, na hizo hata mimi ningezikata nusu. Lakini sikiliza kisa cha chombo kimoja.

Otoklavi ni lile sufuria kubwa la mvuke la kuua vijidudu kwenye mikasi na vitambaa vya upasuaji. Kinachoua ni joto: nyuzi 121 kwa dakika 15 ndiyo desturi. Maji ya kawaida hayafiki huko. Hapa Bukavu, kando ya ziwa lililo karibu mita 1460 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95. Kwenu, karibu 96. Ndiyo maana maharagwe yetu yanakula makala mengi. Ili mvuke ufike 121, unafungwa na kugandamizwa, na kitabu cha mashine kinasema: acha geji ifike karibu bari 1 (bari ni kipimo cha mgandamizo).

Hapo ndipo fizikia inapoingia. Geji haionyeshi mgandamizo wote ulio ndani. Inaonyesha tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Kitabu kimeandikwa kwa watu wa pwani, ambako hewa ya nje inagandamiza kwa bari 1 na kidogo. Hapa kwetu hewa inagandamiza kwa karibu 0,85 tu. Muuguzi akisimamisha geji kwenye bari 1 kama kitabu kinavyosema, ndani kuna mvuke wa nyuzi kama 118. Mtu atasema nyuzi tatu si kitu. Kwa mbegu za bakteria wabishi, nyuzi tatu hizo zinafanya kazi ya dakika 15 iwe karibu nusu ya ile iliyokusudiwa. Hapa geji inatakiwa isomeke kama 1,2. Mikasi inatoka ikiwa imefutwa, inang'aa, na jicho halitakwambia lolote.

Daktari anayejua kwamba geji inapima tofauti atauliza swali hilo siku ya kwanza ya kufika hospitali ya mlimani. Asiyejua atamlaumu fundi, au maji, au mgonjwa. Vivyo hivyo chupa ya serumu: ukiitundika mita 1 juu ya mkono, maji yanasukuma kwa kama milimita 73 za zebaki, yakaushinda mgandamizo wa mshipa mdogo wa mkono. Ukiishusha chini ya kitanda, damu inapanda kwenye mrija. Hiyo ni sura nzima ya silabusi, na mtoto wako ataitumia kila usiku wa zamu.

Mwambie ajitayarishe kwa sura za mgandamizo, majimaji, joto, umeme na miale. Za roketi, apate pointi za kupita, inatosha. Na Papa, usimwambie nimesema hivyo.

SWALI: Nimeweka kwenye simu programu ya kupima mchapuko. Simu iko mezani, haisogei, lakini inaonyesha 9,8. Ni mbovu? – K., Katuba, Lubumbashi

JIBU: Nzima kabisa. Ndani ya simu kuna kipande kidogo mno kilichoshikiliwa na springi ndogo, na kinachopimwa ni jinsi springi hizo zinavyosukumwa. Meza inaisukuma simu juu ili isianguke, springi zinausikia msukumo huo, na simu inaandika 9,8. Inapima msukumo wa vile vinavyoigusa. Mvutano wa Dunia wenyewe haiusikii, maana unavuta simu na kipande chake sawasawa.

Ukitaka uhakika, anzisha kurekodi, kisha uiachie simu ianguke kutoka kifuani kwako mpaka kwenye godoro nene. Kwa nusu sekunde hivi mstari utashuka karibu na sifuri, wakati ambapo simu kwa kweli inachapuka kwa 9,78. Mekanika inasema 9,78, simu inasema sifuri, na vyote vina haki. Kama umeelewa kwa nini, mekanika yako iko salama. Programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inarekodi vizuri na haihitaji intaneti ikishaingia. Godoro liwe lako, na simu isiwe ya dada yako.

SWALI: Yaya, mimi ni asistanti mpya hapa hapa Bukavu. Nina wanafunzi 300 kwenye oditwari, maikrofoni inayokatika, maabara yenye kronometa mbili tu za kupimia muda, na silabusi ya kurasa nyingi ambayo profesa anataka niimalize. Umeme ukikosekana hata projekta haina kazi. Nifanye nini ili wasiwe wanakariri tu? – Asistanti aliyechoka

JIBU: Mdogo wangu, kwanza pole. Pili, projekta isikusumbue. Wanafunzi wanalala vizuri zaidi ikiwaka.

Jambo linalofanya kazi halihitaji umeme. Andika ubaoni swali moja lisilo na hesabu, lenye majibu matatu au manne. Wape dakika moja ya kunyamaza. Kila mtu aonyeshe jibu lake kwa vidole vilivyobanwa kifuani, ili jirani asinakili: kidole kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili. Wewe tazama ukumbi, utakadiria. Karibu wote wakipata, endelea mbele, usipoteze muda. Wakipata wachache sana, funga mdomo kuhusu jibu na ufundishe upya kwa njia nyingine. Wakigawanyika, hapo ndipo penye mali: kila mmoja amtafute jirani aliyeonyesha vidole tofauti na amshawishi. Dakika mbili. Waache wabishane kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa Kifaransa cha kuokoteza. Kuandika kwa Kifaransa safi kutakuja kwenye ripoti. Kisha vidole tena. Hii ndiyo njia aliyoanza kuitumia Mazur mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya lile lori na gari dogo. Kelele za watu 300 zitakutisha siku ya kwanza. Profesa wa jirani atakuja kuchungulia. Mwambie ni mazoezi.

Maswali yatoe hapa. Silabusi nyingi bado zina nyambizi kwenye sura ya mgandamizo, nasi tuna ziwa linaloshuka mita 480 na zaidi, limejaa gesi iliyoyeyuka chini: karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Waulize: povu la sentimita 1 ya ujazo likitoka mita 300 chini ya Kivu hadi juu, litakuwa limevimba mara ngapi, ukiacha joto kando? Kule chini kuna kama bari 30, juu kuna 0,85. Jibu ni karibu mara 35. Baharini lingekuwa karibu mara 31 tu, na watakaogundua kwa nini wamepata hewa ya mlimani bila wewe kuitaja.

Halafu wape hili la vidole. Upande wa Rwanda, karibu na Karongi, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 unavuta maji ya kina kwa bomba ili kuchukua methani. Maji yakishaanza kupanda, pampu ikizimwa, yatasimama, yatarudi chini, au yataendelea kupanda? Nakuhakikishia ukumbi utagawanyika. Yanaendelea: yanapopanda gesi inatoka na kuwa povu, maji yenye povu ndani ya bomba ni mepesi kuliko maji ya nje, kwa hiyo ziwa lenyewe linayasukuma juu. Kutoka hapo unaweza kufundisha Archimedes, Boyle na kuyeyuka kwa gesi kwa saa mbili bila kufungua ukurasa. Na waliokulia Goma watakusimulia wenyewe habari ya mazuku, ile kaboni dioksidi inayotuama mabondeni: kwa nini mbuzi anakufa bondeni huku mtu mzima aliyesimama kando anapumua. Gesi hiyo ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa. Nusu ya darasa itakuwa imesimama kabla hujaandika fomula.

Maabara: kronometa zako mbili zinatosha kwa maonyesho. Kipimo cha kweli wakifanye nyumbani. Uzi, nati ya bolti iliyookotwa kwa fundi wa gari, simu ya mtu mmoja kwa kikundi cha watu watano. Ripoti iwe ukurasa mmoja, na sharti moja tu: namba isiyo na kiasi chake cha mashaka haisomwi. Utasahihisha ripoti 60 badala ya 300, na utalala.

Kuhusu kumaliza silabusi, sikufichi kitu: hutaimaliza. Mimi siimalizi. Nenda kwa profesa kabla ya muhula kuanza, siyo katikati, na orodha ya sura unazotaka kuziacha, na mbele ya kila sura andika kozi ya L2 inayoirudia. Nyingi zinarudiwa. Akikataa zote, omba aache mbili. Akikubali mbili, chukua muda wake wote uwape vidole.

Acha anwani yako kwa mhariri, nitakutumia maswali yangu ya wiki nne za kwanza. Majibu sikuyaandika, utayabishania na asistanti mwenzako kabla hujaingia oditwari.